Tarakimu ya Maabara Ndiyo Bei: Daftari, Kompyuta na Sampuli katika Ukanda wa Dhahabu

Mfanyabiashara wa Geita, Kahama au Shinyanga anapofungua ukurasa huu kila wiki hutafuta kwanza bei: dhahabu imeamkaje London, dola inauzwaje, pamba mbegu inanunuliwaje. Wiki hii tunamwomba arudi hatua moja nyuma. Kabla bei ya wakia haijawa fedha mfukoni, kuna tarakimu nyingine ambayo haitoki London wala Dar es Salaam. Inatoka katika chumba chenye mizani, tanuri na chupa za asidi, mara nyingi nyuma ya geti lisilo na kibao kikubwa. Tarakimu hiyo ni ubora wa mzigo: gramu ngapi za dhahabu katika tani ya mchanga, au asilimia ngapi katika kipande kilichokwisha kuchomwa. Anayeijua bei ya London lakini hajui tarakimu hii imepatikanaje, amejua nusu tu ya biashara yake.

Tuanze na hesabu ndogo. Chukua kipande cha gramu 100 na, kwa ajili ya mfano tu, bei ya Sh 200,000 kwa gramu ya dhahabu safi. Mashine ikisema asilimia 91, mwenye mali analipwa gramu 91, yaani Sh 18,200,000. Ikisema 88, analipwa Sh 17,600,000. Tofauti ni Sh 600,000, na hakuna aliyegusa mizani wala kubishania bei. Zimebadilika tarakimu mbili kwenye kioo cha mashine. Sasa fikiria mnunuzi anayepitisha vipande kama hivyo ishirini kwa siku.

Katika masoko ya madini, ambayo la Geita lilifunguliwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa tarehe 17 Machi 2019, kipimo cha kawaida ni mashine ya miali ya eksirei. Ni ya haraka na haiharibu mali. Hata hivyo, ina udhaifu ambao kila mnunuzi aujue: inaona ngozi ya kipande, haioni tumbo. Kipande kilichochanganyika vibaya wakati wa kuchoma kitatoa jibu moja juu na jingine chini. Ndiyo maana wazoefu hugeuza kipande, hukikwangua, hupima mara tatu, kisha hukipima tena ndani ya maji ili kupata uzito linganishi. Dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, fedha 10.5, shaba karibu 9. Njia ya maji nayo ina mtego wake, kwa kuwa madini ya tangsteni yana 19.25, karibu sawa na dhahabu kabisa. Vipimo viwili vya aina tofauti vikikubaliana, hapo unaweza kulala.

Kwa mchanga na mawe mambo ni magumu zaidi. Huko ndiko maabara hasa inakohitajika.

Sampuli inayofika maabara hukaushwa, husagwa kwa kalasha, kisha hupondwa hadi iwe unga laini wa kipimo cha mikroni 75. Kutoka katika unga huo huchukuliwa gramu 30 au 50. Huchanganywa na oksidi ya risasi, magadi, boraksi na silika, huwekwa katika chungu cha udongo na kuingizwa kwenye tanuri la nyuzi zaidi ya 1,000. Risasi inapoyeyuka huzoa dhahabu na fedha yote na kuzama nayo chini. Donge hilo huhamishiwa kwenye kikombe kinachofyonza risasi na kuacha tone dogo, pengine kubwa kama kichwa cha sindano. Asidi ya nitriki huondoa fedha, na kinachobaki hupimwa kwa mizani au kwa mashine. Ni kazi ya karne nyingi, na mpaka leo ndiyo hakimu wa mwisho katika mabishano ya dhahabu.

Angalia jambo moja hapo. Gramu 30 zinasimama badala ya rundo la tani 60 nje. Katika safari hiyo, sampuli imebadilishiwa chombo si chini ya mara tano: mfuko, sinia, kopo la kusagia, bahasha ya unga, chungu, kikombe. Kila inapohama, namba yake lazima ihame nayo. Tanuri linabeba vyungu vingi kwa pamoja na vyungu havina majina. Anayevipanga akiruka nafasi moja, sampuli zote zinazofuata zinapewa majibu ya jirani zao.

HADITHI YA TATU NA NANE

Miaka kadhaa iliyopita niliandamana na mwenye marudio mmoja katika mji fulani wa ukanda huu kuchukua majibu. Alikuwa na rundo la tani 60 na alitaka kujua kama linafaa kuingizwa kwenye vati. Maabara, ambayo sitaitaja, ilimpa cheti chenye muhuri: gramu 8.1 kwa tani. Alikodi vati, akanunua sayanaidi, chokaa na kaboni, akaweka walinzi. Baada ya ilusheni alipata dhahabu isiyofikia hata nusu ya matarajio. Alimshuku mlinzi, akamshuku mwenye vati, akafikia kumshuku shemeji yake.

Tuliporudi maabara kuomba kuona daftari la tanuri, ndipo siri ilipofichuka. Tarakimu ya kwanza ilikuwa 3.1. Kijana aliyeandika alikuwa na mkono wa haraka, 3 yake ikafungwa juu na chini. Aliyenakili kutoka daftari kwenda kwenye jedwali la kompyuta alisoma 8. Aliyechapa cheti alinakili kutoka kwenye jedwali. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyedanganya. Kwa tani 60, tofauti ya gramu 5 kwa tani ni gramu 300 za dhahabu ambazo hazikuwahi kuwepo duniani, isipokuwa kwenye karatasi yenye muhuri.

Maabara ile ilikuwa na kompyuta. Mwenyewe alijivunia kuwa ameachana na karatasi. Lakini kompyuta yake ilikuwa taipureta yenye umeme tu: iliandika kwa uzuri kile ilichoambiwa. Hapa ndipo somo la leo linapoanza. Kuingiza maabara katika zama za kompyuta maana yake ni kuondoa mikono inayonakili. Mizani inaunganishwa kwa waya na kuandika uzito wenyewe. Mfuko unabandikwa msimbopau shambani, na kila chombo kinachofuata kinasomwa kwa taa ileile. Mashine ya mwisho inatuma jibu moja kwa moja kwenye hifadhidata, bila kalamu kuingia katikati. Mfumo wa namna hiyo, ambao wataalamu huuita kwa kifupi LIMS, ndio unaotenganisha maabara iliyobadilika na ile iliyonunua kompyuta.

Na jedwali la Excel, ambalo ndilo linalotumika katika maabara nyingi ndogo, lina tabia zake. Wanasayansi wa vinasaba duniani walikuwa na vinasaba vilivyoitwa MARCH1 na SEPT1. Kila walipoviandika kwenye Excel, programu ilivigeuza kuwa tarehe, 1 Machi na 1 Septemba. Makosa hayo yalijaa katika tafiti zilizochapishwa hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya vinasaba vya binadamu ikaona heri ibadilishe majina, si kupigana na Excel. MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Msomaji asicheke. Anayeandika mifuko yake ya marudio MAR-1, MAR-2 hadi MAR-12 na kuiingiza kwenye Excel atakuta ana tarehe badala ya mifuko.

Maabara za dawa na tiba ndizo zilizotangulia katika nidhamu hii, kwa kuwa kosa lao huua. Mwaka 1997 idara ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa kanuni zilizoweka masharti ya kumbukumbu na saini za kielektroniki. Sharti lake kubwa mwenye duka anaweza kulielewa bila kwenda chuo: mfumo uandike wenyewe nani ameingiza, nani amebadilisha, saa ngapi, na mabadiliko yasifute kilichokuwapo mwanzo. Ni kama kitabu cha stakabadhi chenye namba zilizochapwa. Unaweza kufuta risiti kwa mstari, lakini huwezi kuichana bila kuonekana. Ukienda maabara na ukaambiwa kuwa jibu la zamani halionekani tena kwa sababu "tulirekebisha," jua kuwa hapo hakuna mfumo.

MAKONTENA 277

Anayedhani haya ni mambo ya vijana wa maabara peke yao akumbuke mwaka 2017. Machi mwaka huo serikali ilizuia kusafirishwa nje kwa makinikia, na makontena 277 yakabaki Dar es Salaam. Makinikia hayo yalitoka Bulyanhulu na Buzwagi, hapahapa Kahama. Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilitoa taarifa Mei 2017 kuwa wastani wa dhahabu ulikuwa gramu 1,400 kwa tani. Kumbukumbu za wakala wa ukaguzi wa madini wa wakati huo, TMAA, zilionyesha wastani wa karibu gramu 200. Kwa kontena la tani 20, kipimo cha kwanza ni kilo 28 za dhahabu na cha pili ni kilo 4. Zidisha kwa 277: upande mmoja unapata tani 7.8, upande wa pili tani 1.1 na ushee. Kampuni ya Acacia iliyakataa matokeo ya kamati.

Hatutaki hapa kuhukumu nani alikuwa sahihi. Magazeti yalifanya kazi hiyo vya kutosha. Linalotuhusu ni kwamba mgogoro mzima ulisimama juu ya sampuli. Tarakimu mbili zinazotofautiana mara saba haziwezi kuamuliwa kwa kelele. Zinaamuliwa kwa kufuata nyayo: sampuli ilichukuliwa sehemu gani ya kontena, na nani, iligawanywaje, nani alishika nusu ya pili, mashine ilipimwa kwa kipimo gani cha uhakika siku ile, na kumbukumbu ya asili iko wapi. Nyayo hizo zikiwepo na kila upande ukiziamini, mabishano huisha mezani. Zisipoaminiwa, hufika Ikulu. Tulichoona ni madai ya kodi ya dola bilioni 190, Barrick kuinunua Acacia yote mwaka 2019, makubaliano ya malipo ya dola milioni 300, na kampuni mpya ya Twiga ambamo serikali ina asilimia 16. TMAA nayo ilivunjwa na kazi kuhamia Tume ya Madini. Kwa maoni yangu, hakuna somo ghali kuliko hilo lililowahi kutolewa nchini juu ya utunzaji wa kumbukumbu za maabara.

Tangu hapo teknolojia nayo haikulala. Mwaka 2022 Bulyanhulu ilifungiwa mashine ya PhotonAssay ya kampuni ya Chrysos ya Australia, inayoendeshwa na maabara za MSALABS, miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Sampuli ya karibu nusu kilo huwekwa kwenye kopo lililofungwa, hupigwa miali mikali, na jibu hutoka baada ya dakika chache. Hakuna tanuri wala moshi wa risasi, na kopo linabaki zima, hivyo mwenye shaka anaweza kulipima tena kesho. Nusu kilo badala ya gramu 30 ni jambo kubwa kwa dhahabu yetu yenye punje. Mchimbaji mdogo hataimiliki mashine hiyo leo, lakini aelewe inakoelekea dunia: kopo lenye namba, mashine inayojiandikia, na mkono wa binadamu mbali na tarakimu.

MAKOHOZI YA MCHIMBAJI

Ipo maabara nyingine katika ukanda huu ambayo wafanyabiashara huisahau mpaka wafanyakazi wao waanze kukohoa. Vumbi la mwamba lina silika, na mapafu yaliyojaa silika hushikwa na kifua kikuu upesi kuliko mapafu mengine. Mwenye duara au mwenye kalasha anayepoteza vijana watatu kwa msimu mmoja anapoteza uzalishaji, achilia mbali utu.

Zamani makohozi yalipakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini. Jibu lilitegemea macho ya mtu mmoja na uchovu wake. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha GeneXpert, ambacho ni bayoteknolojia hasa: makohozi huingizwa kwenye katriji iliyofungwa, mashine hutafuta vinasaba vya kimelea chenyewe, na katika muda usiofika saa mbili husema kama kipo na kama kimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Jibu huandikwa na kompyuta ya mashine hiyohiyo. Katriji moja iliuzwa kwa nchi kama yetu kwa dola 9.98 kuanzia 2012, na mwaka 2023 bei ikashushwa hadi dola 7.97. Kwa mwajiri, hiyo ni chini ya bei ya jozi moja ya buti.

Lakini angalia tena pale tarakimu inapokutana na kalamu. Mashine imetoa jibu kwa saa mbili. Kijana alitoka Mwakitolyo, akaandikwa katika fomu kwa jina la utani, na siku jibu linaporudi kituoni ameshahamia rashi nyingine Nyarugusu au Rwamagasa. Jibu ni sahihi na mgonjwa hayupo. Akiwa na kimelea sugu, anakwenda nacho kwenye kambi ya watu mia wanaolala bega kwa bega. Hapa kompyuta inasaidia tu kama imeunganishwa mpaka mwisho: namba ya sampuli, namba ya simu iliyohakikiwa palepale, na taarifa inayokwenda kwa kituo cha alikohamia. Wizara ya afya imekuwa ikikusanya takwimu za vituo vyote kwa mfumo wa DHIS2, ambao chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo, tangu usambazwe nchi nzima mwaka 2013. Mfumo huo ni mzuri kwa kuhesabu wagonjwa wa wilaya. Kumpata mgonjwa mmoja aliyehama ni kazi ya aina nyingine, na mwenye kambi anayetunza orodha sahihi ya watu wake anaisaidia kuliko anavyodhani.

Waajiri wajue pia mpaka wao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kumpeleka mfanyakazi kupimwa ni jambo jema. Kubandika majibu yake kwenye kundi la simu la kambi ni kosa la kisheria, hata kama nia ilikuwa kuwatahadharisha wenzake.

GHARAMA NA MASWALI

Nirudi kwa mwenye maabara ndogo anayesoma hapa na kuuliza atapata wapi fedha za yote haya. Jibu ni kwamba hahitaji yote. Mizani nyingi za maabara zina tundu la waya nyuma ambalo halijawahi kutumika tangu zinunuliwe. Printa ya lebo za msimbopau na kisomeo chake ni vitu vya duka la vifaa vya ofisi Mwanza. Zipo programu za LIMS zisizolipiwa leseni, ingawa atahitaji fundi wa kuziweka na kumlipa mtu wa kuzitunza. Hapo ndipo gharama ya kweli ilipo, na wengi hukwama kwa kuwa walipanga bajeti ya kununua bila bajeti ya kutunza. Umeme ukikatika katikati ya kusoma sampuli, betri ya akiba ya kompyuta iwe kubwa ya kutosha kumaliza kundi lililopo. Nakala ya akiba itoke nje ya jengo kila siku. Niliona nakala za akiba zikitunzwa juu ya kabati lilelile lenye kompyuta, zote zikanyeshewa siku moja.

Aliye na fedha za kitu kimoja tu, aanze na kuweka sampuli za uhakika. Katika kila sampuli ishirini aingize moja ambayo jibu lake linajulikana, moja isiyo na dhahabu kabisa, na moja iliyorudiwa. Kompyuta bila hizo itatunza uongo kwa usalama mkubwa.

Kwa mteja, yaani mwenye rundo, mnunuzi wa dhahabu au mwenye vati, muulize mwenye maabara mambo machache kabla ya kulipa. Kundi lenye sampuli yangu lilikuwa na sampuli ya uhakika, na ilisoma ngapi? Unga uliobaki mtanitunzia kwa muda gani? Nikitaka kuona tarakimu ya mashine, si ya cheti, mtanionyesha? Cheti chenu kina namba ambayo nikiipiga kwenu kwa simu mtaisoma ileile? Maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, ambayo toleo lake la karibuni ni la 2017, itajibu bila kukasirika, kwa kuwa imezoea kuulizwa hayo na wakaguzi wake. Isiyo na ithibati inaweza pia kuwa nzuri, lakini ijibu.

Na mkifikishana mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kompyuta kuwa ushahidi. Uzito wake hutegemea jinsi zilivyotengenezwa, zilivyotunzwa na kama uthabiti wake unaweza kuonyeshwa. Jedwali ambalo kila mtu ofisini ana neno la siri lake moja, na ambalo halionyeshi nani alibadilisha 3 ikawa 8, wakili wa upande wa pili atalimaliza kabla ya chai. Mwenye marudio wa hadithi yetu hakwenda mahakamani. Maabara ilimrudishia ada ya kipimo, shemeji akaombwa radhi, na lile rundo likauzwa kwa mwenye vati kwa bei ya gramu 3.1.